Mume wangu anataka tuuze nyumba tukaishi kwenye gari. Mlio barabarani, nielezeni

MwalimuMstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Nimestaafu kufundisha hesabu, na mume wangu alinitangulia kustaafu, yeye alikuwa mhasibu. Tangu apate kiinua mgongo chake amekuwa mtu wa video za magari-nyumba, haya yenye kitanda, jiko, choo na bafu, ambayo mtu anayaendesha na kulala humo humo. Mwanzoni nilidhani ni burudani ya mtu aliyekosa pa kwenda asubuhi. Sasa amebandika ramani ukutani, kachora mstari kwa kalamu nyekundu, na juzi katamka kwamba tuuze nyumba, tununue gari la mita saba, "tutembee wakati magoti bado yapo".

Magoti yenyewe ndiyo haya. Langu la kushoto halipandi ngazi bila maneno.

Sipingi kusafiri. Nilitamani safari miaka yote ile nikiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha mezani. Kinachonisumbua ni yale ambayo video hazionyeshi. Kwanza, mimi na huyu bwana tumeishi kwa amani, lakini ndoa yetu ilikuwa na milango. Akiwasha redio yake kwa sauti, nafunga mlango. Akikoroma, nahamia chumba cha pili. Ndani ya mita saba nitahamia wapi? Halafu kuna afya: mimi natumia dawa za presha, yeye ana kisukari na anachoma insulini. Kuna wajukuu. Na kuna fedha, maana pensheni haiongezeki kwa kuwa mandhari ni nzuri.

Mlio na uzoefu niambieni raha iko wapi na karaha iko wapi. Msinipambie.

BabuWaVolti

Mwalimu, umeuliza vizuri ila umesahau swali moja: nani atamwaga choo? Mwulize leo, kabla hajanunua ramani nyingine. Nitarudi na habari za umeme nikimaliza kubadilisha fyuzi hapa.

NesiBarabarani

Mwalimu, karibu sana. Mimi ni nesi mstaafu, mzee wangu alikuwa mpimaji wa ardhi. Tunaishi kwenye gari-nyumba mwaka mzima na nyumba yetu tumeipangisha. Nitaandika kwa kirefu, nivumilie.

Naanza na milango, kwa sababu hapo ndipo nimeona wenzetu wengi wakishindwana, injini ikiwa nzima kabisa. Mumeo sasa hivi anatazama urefu wa gari na nguvu ya injini. Wewe tazama mpangilio wa ndani, ukijiuliza: mmoja akilala saa mbili usiku, mwingine anakaa wapi na taa yake? Kuna magari ambayo kitanda kinashushwa kutoka darini juu ya viti vya sebule. Kwenye picha yanavutia, nafasi inaonekana kubwa. Lakini kitanda kikishuka, siku imekwisha kwa wote wawili, apende asipende. Tafuta lenye kitanda nyuma chenye pazia nene au mlango wa kuteleza, na viti vya mbele vinavyogeuzwa kutazama ndani. Hapo mmoja anakaa mbele na kitabu chake, mwingine yuko nyuma, na katikati kuna jiko na choo. Ndiyo milango mtakayobaki nayo.

Kitanda chenyewe nacho kina hila. Kile kilichosukumwa pembeni dhidi ya ukuta kinamlazimu anayelala ndani amruke mwenzake kila anapokwenda haja. Umri wetu huu, nani haendi haja usiku? Chukua kitanda cha katikati kinachoingiliwa pande zote mbili, au viwili vya mtu mmoja mmoja vilivyolala sambamba. Kile cha juu ya kichwa cha dereva, kinachopandwa kwa ngazi ndogo, waachie wajukuu. Goti lako limeshatoa maoni yake.

Redio: mnunulie spika za masikioni, na asizivae kama upendeleo kwako, iwe ndiyo kawaida ya gari. Kukoroma ni suala jingine, na hapa naongea kama nesi. Kama anakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika kidogo, kisha anashtuka na kuendelea, apimwe kabla hamjanunua chochote. Wengine huishia kupewa mashine ya kuwasaidia kupumua usiku, na mashine ile inakula umeme hadi alfajiri. Ni bora mjue mapema, ili betri zichaguliwe zikiijua. Na wewe ukiziba masikio, hakikisha kengele ya moshi na ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) mnaisikia hata hivyo. Ijaribuni usiku, masikio yakiwa yamezibwa.

Ugomvi wetu sisi huwa mahali pamoja tu: wakati wa kurudi nyuma. Mmefika mmechoka, jua linazama, kuna mti huku na bomba la maji kule, watu wamekaa kwenye viti vyao wanawatazama, na mwenzako anapiga kelele "njoo, njoo, njoo" bila kusema hadi wapi. Kubalianeni ishara za mikono mkiwa bado nyumbani. Sheria yetu ni kwamba dereva asipoona uso wa anayemwelekeza kwenye kioo cha pembeni, anasimama hapo hapo. Hatubishani kwa nini umesimama. Umesimama basi.

Sasa raha, maana usije ukadhani najutia.

Kwangu mimi kubwa ni choo na kitanda changu kuwa nami kila mahali. Nimefanya kazi za zamu, nimelala kwenye vyumba vya wageni na kwenye viti vya mabasi, najua mgongo wa mtu mzima unavyolipa gharama hiyo. Hapa nikichoka saa tisa mchana tunaegesha mahali panaporuhusiwa, tunashusha mapazia, nalala kwenye shuka zangu. Sifungashi sanduku. Sisubiri chumba kiandaliwe. Jirani akiwa na kelele, kesho nahama. Mahali pakinipendeza nakaa hadi niseme basi, na hakuna ofisi inayonisubiri Jumatatu. Mwalimu, wewe uliyeishi kwa kengele ya shule, hiyo peke yake utaifurahia kuliko milima.

Wajukuu ndiyo habari njema ambayo sikuitarajia. Tunaegesha kwenye uwanja wa mwanetu, tunalala kwetu, tunakula kwao. Mkwe haondoi mtu chumbani kwake kwa ajili yetu, wala mimi sifuati ratiba ya bafu la watu. Siku ya tatu inapita na hakuna anayetafuta jembe la kunipa. Wajukuu wanakuja kulala garini kwa zamu, na wanaligombania kuliko zawadi. Ugumu ni pale mnapokuwa mbali na mtoto anaumwa. Simu ya video haikugusishi paji la uso.

Afya. Presha yako haina shida kubwa mradi ubebe dawa za kutosha, cheti cha daktari chenye jina halisi la dawa (majina ya kibiashara hubadilika ukivuka mpaka), na kipimo cha presha. Kaa kwenye kiti muda mrefu damu inalala miguuni, kwa hiyo shukeni mtembee kila baada ya saa mbili hivi, hata kama mzee anasema bado kidogo tufike. Insulini ndiyo inataka nidhamu. Ile ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iliyoanza kutumika, aina nyingi huvumilia joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban siku 28, lakini soma karatasi ya dawa yenyewe. Isigandishwe kamwe. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Friji za magari haya hazina tabia moja: nyuma karibu na mapezi ya kupozea huwa baridi kupita kiasi. Weka dawa katikati, na pembeni yake kipimajoto kinachokumbuka joto la juu kabisa na la chini kabisa. Gari lililofungwa juani huchemka upesi, kwa hiyo dawa haibaki mbele kwenye dashibodi hata kwa dakika za kwenda sokoni.

Karaha? Kazi ndogo ndogo zisizokwisha. Nyumbani unafungua bomba, basi. Hapa maji unayatafuta, unayajaza, unayapima, kisha unatafuta pa kuyamwaga yakiwa machafu. Gesi unaiwazia. Gari likiegeshwa likiwa limeinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja wa kikaango na wewe unateremka kitandani. Vitu vyote vinafungwa kabla ya kuondoka, hata kijiko, la sivyo kona ya kwanza vinakusalimia. Na mvua. Siku ya kwanza ya mvua ni tamu, mnacheza karata. Siku ya tatu taulo hazikauki, madirisha yanatoa jasho, na namna mwenzako anavyotafuna inaanza kukuudhi. Siku hizo mmoja wetu huvaa koti akatoka, popote, arudi baada ya saa moja. Hatuulizani ulikuwa wapi.

Kuhusu kuuza nyumba, maoni yangu ni mafupi: usiuze. Pangisheni, au mwachieni ndugu akae. Mtu mwenye mahali pa kurudi anasafiri bila woga. Mtu asiye nalo, kila injini ikitoa mlio mpya anasikia nyumba yake inavunjika.

BabuWaVolti

Fyuzi imekaa. Nesi amemaliza ya ndani ya moyo, mimi naongeza ya chini ya sakafu. Nilikuwa fundi umeme, kwa hiyo mnisamehe nikizidisha.

Mwambie mhasibu wako afanye hesabu moja anayoijua: mizania ya uzito. Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa, na wauzaji wengi wanaonyesha gari likiwa tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 120 likijaa, mmepandisha kilo 120 kabla hamjapanda wenyewe. Weka dizeli, gesi, baiskeli, kiti cha kukunja, vyombo, zana, hema la pembeni, na vitabu vya mwalimu. Wengi huvuka kiwango bila kujua, na bima inaweza kukataa kulipa mkipata ajali mkiwa mmezidisha. Lipelekeni kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, nyinyi wawili mkiwa ndani.

Uzito unagusa na leseni. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo imekuwa ikiishia kilo 3,500. Uingereza, waliopata leseni ya gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 wana ruhusa hadi kilo 7,500, lakini wakifika miaka 70 ruhusa hiyo haiendelei bila fomu ya daktari. Nimemwona mtu ana gari zuri la tani nne na nusu limekaa uani kwa sababu ya macho. Popote mlipo, ulizeni sheria ya umri na uzito kabla ya kulipa, na mfikirie mtakavyokuwa miaka kumi baadaye.

Umeme. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoubeba) usiihesabu mia. Ukiitaka idumu, tumia nusu. Hamsini mara volti 12 ni wati-saa 600 hivi. Taa za LED, pampu ya maji na kuchaji simu, hiyo inatosha kabisa. Birika la umeme la wati 2,000 kupitia inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, linavuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwenye betri, kwa hiyo chai ichemshwe kwa gesi. Betri ikiwa imepumzika, volti 12.7 ni kushiba, 12.1 hivi ni nusu, chini ya hapo unaiua polepole. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ni nyepesi, unaweza kuitumia karibu yote, ila bei yake inauma na haichajiwi ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 0. Paneli za sola juu ya paa zimelala bapa, kwa hiyo jua likiwa la pembeni msimu wa baridi zinatoa kidogo sana, na mkiegesha kivulini karibu hakuna kitu. Huo ndio mtihani wa kila siku: kivuli cha mtu au jua la betri.

Mashine ya kupumulia aliyoitaja Nesi: kama ina kipasha maji cha unyevu, hicho ndicho mlafi. Muulizeni daktari kama kinaweza kuzimwa.

Friji kuna aina mbili. Ya gesi haina kompresa, haitoi sauti na inaendeshwa na mwali mdogo, lakini inataka gari limesimama sawasawa, likiinama sana haipozi vizuri. Kwa mwenye insulini mimi ningechukua ya kompresa ya volti 12 na betri za kuihudumia. Inakula umeme zaidi, lakini haijali mteremko na inapoza vizuri hata kwenye joto kali.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Kwa hiyo kitambuzi chake hufungwa chini. Cha kaboni monoksaidi ni kingine na kinakaa juu zaidi, karibu na mnapolala. Msikubali kuuziwa kimoja mkaambiwa kinatosha. Na mkielekea kwenye baridi, butani inakataa kugeuka gesi ikikaribia nyuzi 0, propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri.

Mkinunua lililotumika, na ninashauri lililotumika maana jipya kabisa linapoteza thamani kubwa miaka ya mwanzo, adui ni maji ya mvua. Injini inatengenezeka. Ukuta uliolowa kwa ndani umeoza na fundi atalazimika kuubomoa. Bonyeza kwa kidole gumba pembe zote za dari, kuzunguka madirisha ya juu, ndani ya makabati, chini ya godoro. Panapobonyea au kunuka uvundo, aga uondoke, usisubiri punguzo. Muuzaji aliyeweka manukato mengi ndani, mwulize anaficha nini.

Matairi: soma tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya ubavuni. 1822 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2022. Magari haya hukaa sana kuliko kutembea, kwa hiyo tairi linazeeka kabla ya kuwa kipara. Lenye kasheshe ni lile linalong'aa kama jipya na lina miaka kumi.

Na choo, kwa kuwa niliuliza: kaseti nyingi, yaani matangi madogo ya choo yanayochomolewa kwenda kumwagwa, zinabeba lita 17 hadi 20. Watu wawili, siku mbili au tatu. Ikijaa ina kilo karibu ishirini, ina tabia ya kucheza mkononi, kwa hiyo chagueni yenye magurudumu na mpini. Ratiba ya haki ni yeye tarehe witiri, mwalimu shufwa. Mhasibu akishtuka kwamba tarehe 31 inafuatwa na tarehe 1, ndoa ina akili.

DerevaMkongwe

Mimi naongeza moja tu. Wewe mwalimu pia uendeshe. Wanawake wengi nawakuta kambini wananiambia "mimi ni abiria". Basi mzee akipata homa, au akitolewa mtoto wa jicho na kuambiwa asiendeshe kwa muda, mmekwama. Goti la kushoto ndilo la klachi, kwa hiyo chukueni otomatiki. Na andikeni urefu wa gari kwenda juu, mtalibandika mbele ya dereva. Wengi wanaojua kila kitu kuhusu gari lao, kimo hicho hawakikumbuki wakifika kwenye daraja la chini.

TulisharudiNyumbani

Nimesoma yote nikitabasamu. Sisi tulikaa barabarani, tukapenda, tukarudi. Nalisema kwa sababu watu humu huandika kama kwamba kurudi ni kushindwa.

Kilichoturudisha hakikuwa gari. Mke wangu nyonga ilianza, akawa anahitaji daktari yule yule kila mara, anayejua jana alisema nini. Barabarani unaeleza historia yako upya kwa kila daktari, na kila mmoja anataka vipimo vyake. Jambo la pili ni watu. Kambini urafiki unaota haraka sana. Jioni mnakunywa chai pamoja, mnaonyeshana picha za watoto, kesho asubuhi wameng'oa nanga. Mwanzo inapendeza. Baadaye mke wangu akaanza kusema amechoka kueleza yeye ni nani. Alikuwa anamkosa mtu wa kugombana naye kwenye kwaya. Mimi nilikuwa nakosa misiba, ingawa ni neno la ajabu kuandika. Kila tulipopata habari ya msiba tulikuwa mbali mno, na rambirambi zikawa za kutuma kwa simu.

Makaratasi nayo hayakustaafu. Benki wanataka anwani ya makazi. Bima ya gari inataka anwani. Mifuko mingi ya pensheni humtaka mstaafu athibitishe kwamba yu hai kila baada ya muda, na barua ya kumwita inatumwa kwenye anwani ile ile mliyoiacha. Tafuteni ndugu mwaminifu wa kupokea barua, anayefungua na kupiga picha, si wa kuzipanga kwenye kabati. Wanaovuka mipaka wana hesabu nyingine: mgeni wa muda mfupi ndani ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ana siku 90 katika kila siku 180, na kuwa na nyumba ya magurudumu hakubadilishi chochote.

Fedha mwalimu hujajibiwa vizuri. Watu hupiga hesabu ya dizeli, na dizeli ndiyo rahisi kuidhibiti: ukiegesha, hainywewi. Zinazouma ni zile zinazokuja kwa mkupuo. Seti ya matairi, betri, paa la kuzibwa upya, pampu. Na gari likiwa gereji, nyumba yenu iko gereji, kwa hiyo unalipa fundi na unalipa pa kulala siku hiyo hiyo. Tengeni akiba ya hilo kando na kiinua mgongo, na mkihesabu nauli ya kurudi nyumbani ghafla iwe humo.

Namuunga mkono Nesi kuhusu nyumba, ila asiseme kama kwamba wapangaji ni malaika. Wetu walikuwa na maoni yao kuhusu kodi. Tulilipa wakala wa kusimamia, ikapunguza faida na kuongeza usingizi.

NesiBarabarani

@TulisharudiNyumbani hiyo ya misiba umenigusa. Sisi tumeamua kwamba tukiwa na mgonjwa mahututi kwenye ukoo hatuendi mbali zaidi ya mwendo wa siku moja. Mzee analalamika, lakini anageuza gari.

MwalimuMstaafu

Mungu awabariki, nimesoma nikiwa na kalamu. Nimemsomea na bwana. Kuhusu choo amesema "tutapokezana". Nikamwonyesha ratiba ya BabuWaVolti, akatazama kalenda, akasema mwezi wa pili wenye siku 29 nao unamwangukia yeye, kwa hiyo akili ipo.

La nyumba amekuwa mgumu zaidi. Anasema bila kuuza hatupati gari jipya. Nikamwambia watu wote humu wanasema lililotumika. Kanyamaza, na akinyamaza anapiga hesabu. Tumekubaliana kwamba kwanza tukodi tuone. Nesi, tukodi kwa muda gani, na nitazame nini? Nisije nikapelekwa wiki moja ya jua, nikapumbazwa.

NesiBarabarani

Hapo umesema, mwalimu. Kodini wiki mbili au zaidi, na msichague msimu mzuri. Nje ya msimu bei inashuka, na hali ya hewa itawaambia ukweli bure. Wikendi haitoshi, wikendi kila mtu ana adabu.

Msiendeshe kila siku. Angalau siku nne au tano mkae mahali pamoja, mpike vyakula vyenu vya kawaida, mfue, mlipe bili zenu kwa simu, muone kama mtandao unashika. Hayo ndiyo maisha yenyewe, kuendesha ni sehemu ndogo. Kuna wanaogundua siku ya tatu ya kukaa kwamba walichopenda ni kuondoka tu, na hao waendelee kukodi mara moja kwa mwaka, watabaki na fedha nyingi.

Usiku mmoja lalia upande wake na yeye alalie wako, muamke kwenda haja gizani bila kuwasha taa kubwa. Oga humo humo, usiende kwenye mabafu ya kambi, uone kama unaweza kuinama na kugeuka. Panda na kushuka ngazi ya mlangoni ukiwa na ndoo mkononi, si mikono mitupu. Kipimajoto cha insulini weka tangu saa ya kwanza na uandike namba asubuhi na jioni, wewe si mgeni wa majedwali. Wote wawili muendeshe, na wote wawili mrudi nyuma. Kisha kuwe na siku moja ya kutosemeshana kabisa kuanzia baada ya chai hadi mchana, makusudi, mkiwa hamjagombana, muone kama gari lina nafasi ya ukimya.

Kuhusu bima ya kukodi: soma kiasi mtakachojilipia wenyewe mkigonga, na uliza waziwazi kama paa na sehemu ya chini ya gari zimo. Mikataba mingi inaziacha nje. Pigeni picha za gari zima kabla ya kuondoka, paa likiwemo, na mtumie mwenye gari siku hiyo hiyo ili tarehe ionekane.